Mgeta: Wa Polepole Atangulie

*Umechoka na Zanzibar kila Pasaka na Bagamoyo kila sikukuu? Mhariri wetu alibeba hema, akamchukua mumewe, wakapanda milima ya Uluguru kwa siku nne. Haya ndiyo aliyorudi nayo, ukiacha kabichi tatu na goti moja bovu.*

Hebu niambie ukweli, mpenzi msomaji. Ukiacha msiba wa kijijini, harusi ya binamu au kupeleka watoto kwa bibi, wewe na mwenzako mlisafiri lini mara ya mwisho, wawili tu? Mimi na mume wangu tulipojiuliza swali hilo tulibaki tunaangaliana. Miaka sita ya ndoa, na safari yetu ya mwisho ya wawili ilikuwa fungate.

Ndiyo maana Nanenane ya mwaka 2025 ilipoangukia Ijumaa, nikakata shauri. Tukaomba siku moja ya likizo, Jumatatu, tukapata siku nne. Ofisini kila mtu alinitajia Zanzibar. Nikasema naenda Mgeta.

"Mgeta? Si ndiko zinakotoka kabichi?" aliuliza dada wa meza ya pili.

Ndiko hasa.

Nikiri jambo moja mapema. Sikwenda kutafuta mandhari peke yake. Wiki tatu kabla ya safari, nikitafuta chaja kwenye begi la mume wangu, nilikuta barua. Ofisi yao inamhamishia Mwanza, cheo kinapanda, na anatakiwa kujibu mwisho wa Agosti. Alikuwa hajaniambia. Mimi nami sikumwambia kwamba nimeiona. Basi tukawa tunakula, tunaangalia tamthilia, tunalala, kila mtu na lake moyoni. Nilitaka mahali pasipo na televisheni, ambapo mtandao unakatika na hakuna chumba cha pili cha kukimbilia. Hema la watu wawili lilinifaa kabisa.

Kona baada ya kona

Kwa sisi wa Dar, Morogoro imekuwa jirani. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya miji hiyo miwili, na safari haimalizi saa mbili. Tulipanda ya asubuhi Ijumaa. Angalizo tu: wakati wa Nanenane Morogoro hujaa watu wa maonyesho ya kilimo, na nyumba za wageni hujaa vilevile. Sisi hatukuhangaika, tulikuwa na nyumba yetu ya kitambaa begini.

Kutoka mjini unashika barabara ya Iringa, unaliacha bwawa la Mindu, halafu unakata kushoto Sangasanga. Unapita Chuo Kikuu cha Mzumbe, unapita Mlali, na hapo ndipo gari linapoanza kuhema. Kona, mteremko, kona, korongo. Ukiwa na gari dogo la chini, liache mjini. Sisi tulikodi gari la juu na dereva anayezifahamu kona zile kama viganja vyake, na bado nilifumba macho mara tatu.

Lakini ukifumbua, mwenzangu! Milima imelimwa kuanzia chini mpaka juu, matuta ya ngazi juu ya matuta ya ngazi. Kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, maua ya koliflawa. Mipichi na miplamu imesimama kando ya nyumba. Nyandira, ambako kuna gulio kubwa la mboga, ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na saa sita mchana watu wamevaa makoti. Mbuzi wanaofugwa huku nao si wa supu. Ni wa maziwa, uzao wa mbuzi wa Kinorwe walioletwa kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika miaka ya 1980. Chai yake ni nzito, na ukiizoea ya kwenu utaiona maji.

Matuta hayo yana historia yake. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichimba bila hiari, na sehemu nyingine udongo mbaya wa chini ukabaki juu na mazao yakagoma. Mwaka 1955 kukatokea ghasia upande wa Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ule ukafa. Upande wa Mgeta, ambako kuna maji ya kumwagilia na mboga zinalipa, matuta yalibaki na hadi leo yanalimwa. Jambo lilelile, mlima uleule: huku lilikataliwa, kule limeshika. Nilimgeukia mume wangu nimwambie hivyo. Alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu.

Hululu, na maji ya Dar

Siku ya kwanza tulilala Bunduki. Jina la kijiji lisikutishe, watu wake ni wapole. Kutoka hapo unatembea hadi maporomoko ya Hululu, kwenye mto Mgeta, yanayoanguka takribani mita 40. Unayasikia kabla hujayaona. Kisha unatokeza, na upepo wa maji unakupiga usoni hadi miwani inaingia ukungu. Mwongozaji wetu, kijana wa huko huko, alituomba tusipige kelele. Wazee wanapaheshimu mahali pale, akasema, na mgeni naye aheshimu. Tukakaa kimya. Kwa ukimya tulikuwa na mazoezi ya wiki tatu.

Kuna kitu kimoja kila mtu wa Dar angepaswa kukifikiria akiwa pale. Mto Mgeta unashuka na kuungana na Ruvu. Ruvu ndio huo unaochotwa Ruvu Juu na Ruvu Chini, ukasafishwa, ukaja kwenye bomba lako Sinza, Tabata au Kimara. Novemba 2021 Ruvu ulipopungua, tulipata maji kwa mgao na kugombania madumu. Wengi wetu tulilaumu bomba. Safari ya maji yale inaanzia huku, kwenye msitu unaonasa mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi na kuyaachia kidogo kidogo mwaka mzima.

Ndiyo sababu msitu huu umelindwa. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Bunduki ni kiungo. Hapo katikati, kati ya msitu wa kaskazini na wa kusini, pamelimwa, na misitu miwili iliyokuwa mmoja inaangaliana kwa mbali. Viumbe wa msituni hawapendi kuvuka uwazi. Kuna chozi wa Loveridge, ndege mdogo anayenyonya maua, ambaye dunia nzima anapatikana safu hii ya milima tu. Kuna vinyonga wenye pembe. Kuna yale maua ya zambarau ya jamii ya Saintpaulia, ambayo Ulaya wanayauza kwenye vyungu vya dirishani wakati asili yake ni huku kwetu.

Usiku ule baridi ilitukamata sawasawa. Ndani ya hema nilijaribu kuanzisha mazungumzo. "Kazini kunaendeleaje?" Akanijibu, "Kuko sawa." Akageuka upande wa pili. Basi.

"Shemeji, rudi nyuma"

Jumamosi tulihamia upande wa Tchenzema, kijiji cha juu kabisa ambako ndiko njia ya kwenda Lukwangule inaanzia. Mchana tulifanya mazoezi ya kupanda vilima vya jirani. Mume wangu anacheza mpira kila Jumapili, kwa hiyo alitimua mbio kama anadaiwa. Mimi, na raba zangu mpya zilizonibana, nilibaki nyuma nahesabu mawe. Kila nikimfikia, yeye keshapumzika, ananyanyuka anaendelea. Mimi sipumziki. Wake kwa waume mliowahi kutembea hivyo mnanielewa.

Mwongozaji alivumilia kama nusu saa, kisha akasimama.

"Shemeji, samahani, rudi nyuma. Dada atangulie."

"Lakini yeye ndiye anachelewa," mume wangu akasema.

"Ndiyo maana. Mlimani anatangulia wa polepole, wa haraka anafuata. Vinginevyo tutafika vipande vipande."

Ilikuwa ajabu. Nilipotangulia, kasi yangu haikuongezeka sana, ila uchovu ulipungua. Sikuwa na mtu wa kumkimbiza. Na yeye, kwa kuwa alilazimika kutembea taratibu, akaanza kuona vitu. Alimwona kinyonga kabla yangu.

Utakuwa umesikia pia hilo neno "shemeji". Mgeta nzima walimwita hivyo, na mimi walikuwa wananiita dada, ingawa sina tone la Uluguru. Mama aliyeturuhusu kusimamisha hema uani kwake alitufafanulia jioni, tukiwa tumezunguka jiko lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, sogeeni kwenye moto. Shemeji, kaa hapa, usiogope."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo inapitia kwa mama. Mjomba ana sauti kubwa kuliko wengi wetu tulivyozoea. "Zamani mwanamume ndiye alikuja kwa mke," akatuambia. "Akilima vizuri anakaa. Akileta fujo, anarudi kwa mama yake." Akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Siku hizi, akaongeza, mambo yamechanganyika: wengine wananunua shamba pamoja, wengine wanahamia mjini, wengine wanagombana mpaka baraza la kijiji.

"Kwa hiyo huku ningekuwa mimi ndiye wa kuhama," mume wangu akatania.

Halafu akanyamaza ghafla. Mimi nikaangalia moto. Kila mtu alikuwa amesikia neno lile: kuhama.

Lukwangule

Jumapili tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Lukwangule ni uwanda wa nyasi ulio juu ya mlima, zaidi ya mita 2,400, katikati ya msitu wa Uluguru Kusini. Kilele kikubwa cha safu nzima, Kimhandu, chenye mita 2,630 hivi, kipo upande huo huo. Unaanza na mashamba, yanakwisha, unaingia msituni. Miti imevaa ukoka na ndevu za kijivu, mianzi inafuata, ardhi inakuwa laini kama godoro. Ukungu unakuja na kuondoka kana kwamba kuna mtu anafungua na kufunga mlango.

Nilitangulia, kama kawaida. Baada ya saa tatu hivi nikagundua sisikii hatua nyuma yangu. Nikageuka. Mume wangu alikuwa mbali, ameshika mti, na msaidizi wa mwongozaji amesimama kando yake.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Nendeni, nakuja."

Nikarudi chini. Goti lake lilikuwa limevimba. Lilianza kumuuma tangu zile mbio za jana, akanyamaza.

"Mbona hukusema?"

"Sikutaka kukuharibia safari."

Nilitaka kukasirika, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba. Mwongozaji akatuangalia, akasema anakwenda mbele kidogo kuangalia njia. Nadhani njia aliijua vizuri sana. Akaondoka na msaidizi wake.

"Na kuna kingine," mume wangu akasema. "Nimeitwa Mwanza."

"Najua. Niliiona barua."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

Tukakaa kwenye gogo, matone yakitudondokea shingoni. Hakuna aliyepandisha sauti. Aliniambia alikuwa anaogopa kwamba nitasema "nenda" kwa mdomo huku moyoni nimenuna, na alishaona ndoa ya kaka yake ikifa kwa staili hiyo. Mimi nikamwambia ukweli wangu: sitaki kuiacha kazi yangu, nimeipigania, na naona aibu kulisema hilo kwa sababu kila mtu anategemea mke ndiye afuate. Tulizungumza labda dakika arobaini. Katika miaka sita sikumbuki dakika arobaini za namna hiyo.

Mwongozaji aliporudi alikuwa na habari: uwanda uko umbali wa saa moja, lakini kwa goti lile shemeji asijaribu. Nikasema basi, tunashuka wote. Mume wangu akakataa. "Nenda. Mimi nitakusubiri hapa na huyu bwana. Nimesema kweli, sijanuna."

Nilimwangalia usoni kuhakikisha. Nikaenda.

Sitakudanganya kwamba sikufurahia kwa kuwa hakuwepo. Nilifurahia sana. Msitu unakatika ghafla, na mbele yako ni nyasi, maji yaliyotuama yakimeta, mawingu chini yako badala ya juu. Hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme, kimya hadi unasikia damu masikioni. Nilipiga picha mbili, nikazima simu. Lakini pia kila dakika nilijua kuna mtu ananisubiri kwenye gogo, na nikaelewa kitu kuhusu barua ya Mwanza ambacho sikukielewa nikiwa sebuleni. Kumwacha mwenzako kwa muda si lazima iwe kumtupa. Inategemea mmeagana vipi.

Niliporudi walikuwa wamefungua chupa ya chai. Alinibakizia kikombe kimoja, kimepoa. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Kushuka, yeye ndiye aliyetangulia.

Kabla hujafunga begi

*Wakati:* Juni hadi Septemba ni kukavu na baridi kali. Epuka masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza na barabara inaweza kukatika.

*Ruhusa:* Pitia kwanza ofisi ya hifadhi mjini Morogoro upate kibali, na malipo yafanyike kwa utaratibu wa serikali, upewe risiti. Kijijini, jitambulishe ofisi ya serikali ya kijiji kabla ya kusimamisha hema. Ukimkuta mzee njiani, shikamoo haigharimu kitu.

*Mwongozaji:* Usiingie msituni bila mwenyeji. Ukungu wa Lukwangule unapoteza hata wazoefu. Mjini Morogoro kuna mpango wa utalii wa utamaduni wa Chilunga unaoweza kukuunganisha na waongozaji.

*Mavazi:* Sweta mbili, koti la mvua, soksi za kutosha, tochi. Viatu viwe ulivyokwisha kuvivaa, sio vipya. Nilijifunza kwa malengelenge.

*Maji na moto:* Vijito vinapita kwenye mashamba yanayopigwa dawa, kwa hiyo usikinge na kunywa. Beba maji ya kutosha. Pikia jiko dogo la gesi, usikate kuni msituni.

*Takataka:* Ulichopanda nacho, shuka nacho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, beba wa kitambaa. Utauhitaji pia ukipita gulioni Nyandira.

*Kama siku nne ni nyingi:* Panda Morning Side kutoka Morogoro mjini, nusu siku inatosha, mpaka kwenye nyumba ya zamani ya enzi za Mjerumani. Ukitaka wanyama, Mikumi ipo barabara hiyo hiyo ya Iringa. Ukitaka maporomoko makubwa zaidi, Sanje kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yanaanguka takribani mita 170.

Na Mwanza je?

Najua utaniuliza. Alikwenda, mwezi Oktoba. Tulipeana mwaka mmoja, kisha tutakaa tena chini tuamue. Kuna usiku mwingine simu haitoshi, na kuna wikiendi tiketi ya ndege inaumiza kuliko goti. Siwezi kukuambia kwamba milima imetutatulia kila kitu. Ilichofanya ni kutuondolea kimya. Sasa anayechoka anasema, na mwingine anapunguza mwendo.

Goti limepona. Agosti ijayo tunarudi Tchenzema, kwa mama yule yule, kwa mwongozaji yule yule. Mume wangu hajauona uwanda bado, na amenitaka nisimsimulie zaidi ya nilivyokwisha kumsimulia.

Wewe na wako je? Kopeni hema kwa rafiki, ombeni siku moja ya likizo. Na mkifika mlimani, wa polepole atangulie.

Safari njema.